Cherehani ya Manda na Sheria Yangu ya Siku Tatu

Mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka kumi, baba aliondoka Njombe kwenda kukata mkonge Tanga, na hakurudi. Shida ilianzia hapo. Hatukupata barua, wala habari ya kifo. Mama akanitoa shule nikiwa darasa la tatu, akanipeleka kubeba magome ya miti ya miwati, na mpaka leo bega langu la kulia limelala kuliko la kushoto. Naanza na hili asije mtu akaniuliza biashara niliisomea wapi. Sikuisomea. Niliibeba.

Jambo jingine lililobaki kwangu tangu mwaka ule ni kutotulia. Kila lori lililopiga honi nilikuwa naliacha gome chini na kukimbilia barabarani kuangalia kama baba ameshuka. Baba hakushuka, lakini miguu ilishazoea. Hata sasa, mzee kama mimi, nikisikia honi nasimama. Nimewahi kusimama kanisani katikati ya mahubiri, watu wakadhani nimeguswa.

Nilianza kwa viazi. Nilivitoa Njombe nikavishusha Makambako, penye reli na njia panda, ambako msafiri hakosi kuwa na njaa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla yake ulikuwa unapanga foleni kwa kipande cha sabuni na unarudi bila sabuni. Ghafla marobota ya mitumba yakawa yanashuka Makambako kama mahindi. Nikaacha viazi. Nikauza makoti, halafu nikahamia kwenye vyombo vilivyokwisha kutumika: redio, pasi za mkaa, baiskeli, na zaidi cherehani. Nilizinunua Iringa na Mbeya kwa watu waliokuwa wanahama au wamestaafu. Sikujua kushona, lakini nilijua kusikiliza. Cherehani nzima ina sauti moja. Ukisikia mbili, iache.

Sheria ya siku tatu niliiweka kwa sababu ya koti. Ngoja nilieleze hilo, maana watu walinisema sana.

Mtu mmoja wa Njombe alinunua kwangu koti zito mwezi wa sita, baridi ikiwa ya kukata masikio. Mwezi wa tisa, jua limerudi, akalileta. Lilinuka moshi na pombe ya ulanzi. Mfukoni mlikuwa na maganda ya viazi.

"Mama, mkono mfupi," akasema.

"Mwezi wa sita mkono ulikuwaje?"

"Mwezi wa sita nilikuwa na baridi, sikuangalia."

Nikamwuliza kama na maganda yale nimrudishie thamani yake. Akacheka, nami nikacheka, lakini koti sikulipokea. Siku hiyohiyo nikamwomba jirani yangu wa kibanda aniandikie kwenye ubao: LALAMIKO MWISHO SIKU TATU. Jirani huyo alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, muuza baiskeli. Swala haikumpita, na utani haukumpita. Alipomaliza kuandika akaniambia, "Dada, hata maiti anaombolezwa siku tatu. Umefanya vizuri." Na kweli ulikuwa ubao mzuri. Ulinilinda miaka mingi.

Lakini wateja wangu wengi hawakuuona ubao huo. Simu hazikuwapo. Watu wa Ludewa, wa vijiji vya huko milimani na wa kule chini ziwani, walikuwa wanamtuma kondakta wa basi la Ludewa: mwambie yule mama wa Makambako anitafutie pasi, anitafutie redio ya betri nne. Mimi natafuta, nafunga, namkabidhi kondakta. Mnunuzi hakunijua sura, nami sikumjua. Alichonunua hasa ni neno langu kwamba kitu ni kizima. Kondakta mwenyewe alikuwa Mpangwa wa hukohuko Ludewa, mtu mzima, mpole, meno ya mbele yametangulia, na sheria yangu aliipeleka kwa mdomo pamoja na mzigo.

Mwaka 1993, mwezi wa pili, ukaja ujumbe kutoka Manda. Mvuvi anataka cherehani ya mkono, nzuri, asiulizwe maswali mengi. Nilikuwa nayo. Nyeusi, maua ya dhahabu hayajafutika, sauti moja. Niliifunga mwenyewe Njombe, maana wiki ile basi lilianzia pale, halikufika Makambako. Nilikuwa na namna yangu ya kufunga: boksi la mbao, ndani maranda, yale makapi yanayomwagika chini ya msumeno wa kupasulia mbao. Njombe maranda ni ya bure, unajaza gunia na wenye msumeno wanakushukuru. Chombo kikilala ndani ya maranda hata barabara ya Ludewa haikivunji. Nikapigilia misumari, nikamkabidhi kondakta. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Nikaenda zangu.

Mwezi wa nane, jirani yangu Mrangi alinikuta na bahasha mkononi.

"Dada, umeandikiwa mapenzi?"

"Soma uone." Nilikuwa najua kusoma, lakini polepole, na mwandiko ule ulikuwa umeinama.

Akasoma kwa sauti, kibanda kizima kikisikiliza: "Kwa mama muuza cherehani, Makambako. Shikamoo, au marahaba, sijui umri wako. Cherehani uliyotuletea haizunguki. Tuliifungua siku ya arusi ya binti yangu, mbele ya watu. Naomba ujue. Ni mimi mvuvi wa Manda."

"Endelea," nikasema.

"Imekwisha."

"Anataka nini?"

"Anataka ujue."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu akidai arudishiwe, unamwonyesha ubao, mmemalizana. Mtu akitaka ujue tu, unamfanya nini? Nikamtuma kondakta amwambie kwamba toka mwezi wa pili mpaka wa nane siku tatu zimepita mara nyingi. Nikakaa nikisubiri, yaani sikukaa. Nilikuwa natoka kibandani naenda stendi, narudi, napanga redio zilizokwisha kupangwa. Wiki iliyofuata basi lilipoingia nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa. Basi. Akaendelea kushona nyavu."

Ningependa angenitukana. Kisha kondakta akavua kofia, jambo ambalo hakuwa analifanya, akasema, "Mama, mimi mizigo yako ya Manda sibebi tena mpaka umalizane na yule mzee. Nikishuka kule watoto wananiimbia. Wananiita mleta nanga."

"Nanga ipi?"

"Kamwulize mwenyewe."

Nikamwambia aache maringo, makondakta wako wengi. Lakini haikuishia kwake. Muuguzi mmoja wa Ilembula aliyekuwa ameniagiza pasi akatuma neno kwamba asante, atakuja achague mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Ludewa naye vilevile: atakuja mwenyewe. Msomaji anaweza kuona ni maneno ya adabu. Kwangu yalikuwa msiba. Mtu wa kuja kuchagua mwenyewe anaweza kuchagua kwa yeyote, na Makambako wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu walichokosa wenzangu, kwamba mtu aliye mbali, asiyeniona, aliniamini. Kikipotea hicho, narudi kwenye viazi.

Kwa hiyo nikaamua kwenda Manda. Sitasema uongo hapa. Sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumwonyesha yule mzee kwamba cherehani niliifunga ikiwa nzima na kwamba aliyeiharibu ni yeye. Nilibeba bisibisi, chupa ya mafuta, na ubao wangu nimeufunga kwenye khanga. Mrangi aliponiona na ubao akasema, "Dada, ukishindwa kesi utaukalia njiani."

Njombe mpaka Ludewa nilikaa kiti cha mbele karibu na kondakta, tukanuniana njia nzima. Ludewa nikalala kwa mwanamke niliyemuuzia redio, na hakuwa na lalamiko, nikamshukuru Mungu. Asubuhi nikapanda lori linaloteremka ziwani, lile ambalo kondakta hulipanda na mizigo ya Manda basi likiishia Ludewa. Nilikuwa na koti langu la Njombe. Kila kona tuliyoteremka joto lilipanda, nikafungua kifungo, kingine, mwisho nikalivua nikalikalia. Hewa ilikuwa nzito, na mkono ukilishika bomba la lori unatoka na maji. Niliona hayo. Niliyaona na sikuyafikiria, kwa sababu nilikuwa napanga maneno ya kusema.

Mzee nilimkuta nje ya nyumba yake, mwembamba, mvi kifuani. Nilipojitambulisha akanyanyuka.

"Ndiye wewe. Basi ni marahaba," akasema, "maana nakuzidi umri. Barua ile sikujua."

"Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya cherehani."

"Najua hukuja kuvua. Kaa ule."

"Sina njaa, baba. Tumalize kwanza."

"Umetoka kwenye baridi kuja kugombana, na utagombana na tumbo tupu? Utashindwa mapema."

Nikaletewa ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa. Nilikula nimekaa upande, kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa binti yake, yule bibi arusi. Alikuwa amekuja kwao kwa siku mbili. Hakunitazama usoni. Nilipomaliza, mzee akaingia ndani akatoka na boksi langu, lilelile, na alama yangu ya mkaa.

"Kila kitu kimo," akasema. "Na misumari iko kwenye karatasi. Hata hizi pumba zako sikumwaga. Nilisema mwenyewe akija asikute pungufu."

Nikaingiza mkono kwenye maranda.

Yalikuwa yameshikana kama ugali uliolala. Meusi, yananuka mti mbichi wa msindano, harufu ya Njombe asubuhi ya ukungu. Nikachimba mpaka kwenye chuma. Mkono ukatoka na kutu. Gurudumu halikusogea hata kidogo.

Hapo nikakumbuka mwezi wa pili. Maranda huwa nayaanika. Nayamwaga juu ya turubai, jua linapiga siku mbili, tatu, mpaka ukiyafinya hayashikani. Mwezi ule wa pili Njombe hapakuwa na jua. Mvua asubuhi, ukungu mchana. Basi lilikuwa limewasha injini, nami nisiyetulia nikachota maranda chini ya msumeno yakiwa bado na maji ya mti, nikafukia cherehani, nikapigilia misumari juu. Kule kwetu kwenye baridi labda ingestahimili. Nilikuwa nimeipeleka kwenye joto, ndani ya boksi lililofungwa. Niliichemsha.

Mimi niliyewapa watu wote siku tatu sikuyapa maranda siku tatu za jua.

Na hakuna aliyejua. Mzee alidhani cherehani ilikuwa mbovu toka kwangu, kitu kizee kilichopakwa mafuta. Mdomo wangu ulishafunguka kusema, "Baba, huu ni unyevu wa ziwa lenu." Wangeamini. Hata kondakta angeamini. Badala yake nikauliza kwa nini walikaa na boksi miezi yote bila kulifungua. Nilikuwa bado natafuta pa kutokea.

"Liliwekwa," mzee akasema. "Sisi hapa nyumbani zawadi ya baba haifunguliwi kabla ya siku yake. Boksi lenyewe lilikwama Ludewa wiki tatu, mvua. Likafika. Nikaliweka chini ya kitanda. Siku ya arusi binti ndiye anafungua mbele ya wakwe, halafu anaonyesha kazi yake. Alikuwa ameshakata na kitambaa cha mama mkwe."

"Ikawaje?"

Binti akajibu, akiwa bado anaangalia chini.

"Nikazungusha, ikakataa. Nikazungusha tena. Wifi yangu akasema, baba yako ni mvuvi kweli, amekupa nanga." Akafuta mikono kwenye khanga yake. "Sasa ndilo jina langu kule. Wakiniagiza maji wanasema, nanga, kalete maji. Mume wangu hasemi kitu, lakini anacheka."

Mzee akasema, "Wewe usimchoshe mgeni."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilifunga vifungo vya koti ambalo sikuwa nimelivaa. Mwisho nikasema, "Baba, cherehani ilitoka kwangu nzima. Nimeiua mimi, kwa maranda mabichi. Si wewe, wala si ziwa."

Akanitazama. "Pumba?"

"Pumba. Zilikuwa na maji. Zilitakiwa zianikwe, sikuzianika, nilikuwa na haraka."

"Ungeninyamazia nisingejua," akasema.

"Najua."

"Basi sawa," akasema, na safari hii nilimwelewa.

Nikamwambia kumweleza yeye peke yake haitoshi, anipeleke kwa wakwe. Hakutaka. Alisema mambo ya wakwe ni kama moto wa majani, ukiuchokoa unawaka tena. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe nikiuliza njia nyumba kwa nyumba, na hilo litakuwa baya zaidi. Akachukua fimbo yake. Tulikwenda watatu, binti nyuma, mimi nimejitwika boksi kwenye bega langu lililolala. Mzee alitaka kunipokea nikakataa.

Sijawahi kupenda kusema nimekosa. Sijajifunza mpaka leo. Mbele ya wakwe wale nilisema kwa maneno machache, nimesimama, jasho linanitoka: mimi ndiye muuzaji, mzee huyu alilipia kitu kizuri, nami nilikiharibu kwa kufunga vibaya. Nitaleta kingine. Mwachieni binti jina lake.

Wifi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, kwa kweli tungekutana sokoni tungepatana. Akauliza, "Kwa hiyo hii nanga ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi iondoe hapa, isije ikatuzuilia mtumbwi."

"Ninaondoka nayo," nikasema. Wakacheka, na binti akacheka, mara ya kwanza nilipomwona akicheka.

Nikarudi nayo milimani. Ni nzito sana cherehani isiyoshona. Kondakta alipoliona boksi hakuuliza. Alilipokea akaliweka chini ya kiti chake, na nauli yangu ya kurudi Njombe akaikataa. Ubao sikuutoa kwenye khanga safari yote.

Nyumbani Makambako nilikuwa na cherehani moja ambayo sikuwa naiuza, ya kwanza kabisa niliyoinunua, niliyojifunzia kusikiliza. Nikaifunga hiyo. Sikutaka kuona maranda. Niliizungushia sweta sita za mitumba, zilizokauka kwa jua la Makambako, na boksi nikaliandika kwa mkaa: FUNGUA LEO. Nikampa kondakta. Akabeba.

Halafu nikasubiri. Wiki mbili. Sijui kama nilikula. Kila honi nilikuwa stendi. Mrangi alisema nimefanana na mtu aliyepeleka mahari ya kijana wake. Siku basi lilipokuja, kondakta akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha kitenge, urefu wa kiganja. Hakuna barua. Kwenye kitenge pamepita mshono mmoja, umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, haujaruka hata tundu. Huo niliusoma mwenyewe.

Ubao niliubadilisha. Mrangi aliandika upya nilivyomwambia: SIKU TATU TANGU ULIPOFUNGUA. Alinionya kwamba watu watanila, na walinila. Mtu mmoja wa Njombe alidai redio aliifungua baada ya miaka miwili. Nilimkatalia, nikamwuliza hizo habari za mpira alizotuhadithia mwaka jana alizisikia kwenye sufuria. Sikugeuka malaika. Lakini muuguzi wa Ilembula aliagiza pasi yake, bila kuja kuchagua, na mwalimu wa Ludewa akafuata.

Siku hizi mjukuu wangu anauza mikoba na viatu vya mtumba kwa simu. Anapiga picha, anatuma, mtu wa Songea ananunua bila kuonana. Ni kazi yangu ileile, ila yeye anaifanya amelala kochini. Juzi alikuwa ananuna. Mteja amelalamika soli imebanduka, na wiki tatu zimepita. "Bibi, huyu namfungia tu, hawezi kunipata tena."

Nikamwuliza viatu alivifungaje. Akasema kwenye nailoni, kwani vipi. Nikamwuliza kama siku alipovifunga vilikuwa vimekauka. Akachukua simu, akatoka nje. Sijui alimjibu nini mteja. Kulipopigwa honi barabarani nilisimama, kama kawaida yangu, nikachungulia kama amekwenda stendi.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba sita Makambako. Nyumba ya matofali ya kuchoma Njombe, ina bomba la moshi. Ekari nne za parachichi. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja. Kibanda cha stendi, nimempangisha mtoto wa yule Mrangi. Turubai moja kubwa la kuanikia. Ubao. Kipande cha kitenge. Cherehani moja nyeusi ya mkono, ina kutu, haizunguki, iko sebuleni karibu na mlango, na haiuzwi.